Waamish wa Nickel Mines: Huruma Baada ya Msiba

Tarehe 2 Oktoba 2006, mtu mwenye bunduki aliingia katika shule ya chumba kimoja huko Nickel Mines, jimboni Pennsylvania, Marekani, akawapiga risasi wasichana 10 wa jamii ya Wakristo wa Amish. Watano walifariki dunia, naye akajiua. Hakuwa mgeni kwao: alikuwa dereva wa lori aliyekusanya maziwa katika mashamba ya Waamish.

Jioni ile ile, kabla watoto hawajazikwa, baadhi ya Waamish walikwenda kuwapa pole mjane wa muuaji na wazazi wake. Maziko yake waliyahudhuria kwa wingi, na sehemu ya michango waliyotumiwa wakaitenga kwa ajili ya mjane huyo na watoto wake watatu.

Wengi waliuliza: je, wafiwa hao hawakuwa na uchungu? Walikuwa nao. Lakini Waamish hufundishwa kwamba kusamehe ni uamuzi unaotangulia, moyo ukafuata polepole, pengine baada ya miaka. Msingi wake ni Sala ya Bwana, ambamo mwamini huomba asamehewe kama naye anavyosamehe. Kusamehe huko si kulifanya kosa kuwa dogo, wala si kufuta adhabu ya sheria. Ni kukataa kulipiza kisasi.

Shule hiyo ilibomolewa siku 10 baadaye, na nyingine, iitwayo Tumaini Jipya, ikafunguliwa Aprili 2007. Mama mzazi wa muuaji naye alikwenda kila wiki, kwa miaka kadhaa, kumhudumia msichana mmoja aliyeachwa na ulemavu mkubwa.