Aliyesema Kweli Akazomewa



Alasiri moja, baada ya chuo kufungwa, nilipita kiwanjani nikawakuta wanafunzi wangu wakicheza mpira. Bao likaingia, na upande uliofunga ukashangilia. Mara kijana mmoja wa upande uleule akasema, "Si bao. Niliushika kwa mkono." Bao likafutwa. Mchezo ulipokwisha, wenziwe wakamzingira wakimwita msaliti. Nami, mwalimu wao ninayewafundisha kila siku ubaya wa uwongo, niliyasikia hayo nikapita zangu, nikijidai kwamba nawahi Magharibi. Usiku ule nafsi yangu ilinisuta, nikakumbuka kisa cha mtu mmoja wa Ufaransa aliyetendewa hayohayo mbele ya maelfu ya watu.

Mtu huyo ni Jacques Glassmann, aliyekuwa beki wa timu ya Valenciennes katika ligi kuu ya Ufaransa. Tarehe 20 Mei 1993 timu yake ilikuwa icheze na Marseille, klabu yenye mali na nguvu nyingi. Siku sita baadaye Marseille ilikuwa icheze na Milan ya Italia katika fainali ya Kombe la Ulaya mjini Munich. Wakubwa wake walitaka mambo mawili kwa pamoja: ushindi katika ligi, na wachezaji wao wasiumizwe kabla ya fainali. Basi mchezaji wao, Jean-Jacques Eydelie, akawasiliana na wachezaji watatu wa Valenciennes: Glassmann, Christophe Robert, na Jorge Burruchaga, Muargentina aliyefunga bao la ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1986. Wakaahidiwa fedha ili wacheze kwa ulegevu.

Glassmann alikataa, wala hakutosheka na kukataa tu. Alimweleza kocha wake, na wakati wa mapumziko habari ikafikishwa kwa mwamuzi. Marseille ilishinda bao 1 kwa 0, na tarehe 26 Mei ikaishinda Milan vilevile, 1 kwa 0. Hapakuwa na klabu ya Ufaransa iliyowahi kulitwaa kombe hilo kabla yake. Katika shangwe kama ile, nani angependa kusikia habari za rushwa?

Lakini uchunguzi uliendelea. Faranga 250,000 zikafukuliwa katika bustani ya jamaa zake Robert. Mwaka uleule Marseille ikavuliwa ubingwa wa ligi na kuzuiwa kulitetea Kombe la Ulaya, ingawa kombe lenyewe iliachiwa. Mwaka 1994 ikateremshwa daraja la pili. Rais wake, Bernard Tapie, tajiri aliyepata pia kuwa waziri, alihukumiwa mwaka 1995, na mwaka 1997 akaingia gerezani. Eydelie, Robert na Burruchaga nao walipatikana na hatia. Ama ubingwa ule wa 1993, haukupewa timu nyingine. Umebaki hauna mwenyewe hadi leo.

Sasa natufikiri pamoja. Ligi yo yote ina sheria zake, waamuzi wake na kamati zake za adhabu. Lakini mwamuzi huona mguu uliopiga; haoni mguu uliozuiliwa makusudi. Beki akichelewa hatua moja, ni nani awezaye kuapa kwamba amechoka au amenunuliwa? Rushwa hutendwa faraghani, na sheria haina macho ya kuiona huko mpaka mmoja wa walioitwa atoke aseme. Bila ya Glassmann, huenda kamati zote zile zisingekuwa na la kuhukumu.

Naye alilipwa nini? Alizomewa viwanjani, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Timu yake ilishuka daraja msimu uleule, na mwishowe alikwenda kucheza mbali, katika kisiwa cha Réunion, huku kwetu katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1995 Shirikisho la Mpira la Dunia lilimpa tuzo ya uungwana, lakini tuzo moja haizimi sauti za maelfu.

Hapa ndipo penye fundisho letu. Dini yetu imemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake pia, na imekataza kuficha ushahidi. Haya twayajua sote. Tusilolijua vyema ni kwamba anayemzomea msema kweli humsaidia mla rushwa, na anayemsikia akizomewa akanyamaza hayuko mbali naye. Mtoto akiona kwamba ukweli wake umemletea matusi na wakubwa wamepita kimya, mara ya pili hatasema.

Kwa hiyo kesho yake, kabla ya somo, nilimwita kijana yule mbele ya wenziwe nikamtaka radhi. Nikawasimulia kisa hiki chote. Darasa lilikaa kimya. Kisha mmoja wa waliomtukana akasogea, akampisha nafasi mkekani karibu naye.

Enyi wazazi, mwanao akirudi nyumbani ameshindwa kwa sababu alisema kweli, msimwulize kwanza matokeo. Mpokeeni kama mshindi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa pamoja na wakweli. Amin.