Kapulana ya ng'ambo: ifue kwanza, ndipo umbebee mtoto

Kwa familia nyingi za Kimakonde mkoani Mtwara, Mto Ruvuma ni mpaka wa serikali tu. Shangazi yupo Msumbiji, na zawadi yake ni kapulana: hufungwa kiunoni, hutandwa msibani, na mtoto akizaliwa hugeuka mbeleko.

Lakini si kila kitambaa chenye maua ya kuvutia ni pamba. Vingine ni poliesta, havipitishi hewa, na kwa joto la Mikindani mtoto ataota harara shingoni. Mama, kabla hujatoa metikali zako, omba uzi mmoja wa pindoni uuchome. Pamba huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kama tone gumu. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Pamba mpya nayo isitumike hivyohivyo. Hukakamazwa kiwandani kwa wanga na dawa zinazoweza kuwasha ngozi ya kichanga, tena inateleza, fundo halishiki. Ifue mara mbili, uianike juani. Kichanga abebwe mbele, uso ukionekana, kidevu kisibane kifuani, magoti yapanuke na kupanda hadi usawa wa nyonga. Miguu isining'inie.

Na mnaotaka kuvukia Kilambo kuifuata wenyewe: vurugu za Cabo Delgado, zilizoanza Oktoba 2017, zimeifanya Palma isiwe mahali pa kwenda kwa mazoea. Ulizieni uhamiaji kwanza. Shangazi anaweza kuituma.