Mabomba ya Mtambo wa Kupoza Hewa

Watu wengi hudhani kwamba uzima wa mtambo wa kupoza hewa hutegemea kiwanda ulikotengenezwa. Hiyo ni nusu ya kweli. Mtambo wenye koili moja chumbani, na ya pili nje pamoja na kompresa na feni, haujawa mtambo kamili mpaka fundi auunganishe kwa mabomba mawili ya shaba. Ukifa mapema, mara nyingi chanzo cha maradhi kimo katika mabomba hayo.

Bomba jembamba hupeleka ndani gesi ya kupozea iliyokwisha kugeuka majimaji. Bomba nene huirudisha nje ikiwa mvuke baridi. Lakini humo hupita pia kitu cha pili, nacho ni mafuta ya kompresa. Mafuta kidogo hutoka pamoja na gesi kila mara, nayo sharti yarudi. Yasiporudi, kompresa hukauka na kusagika. Kwa sababu hiyo bomba nene lililolala huinamishwa kuelekea kompresa, yapata milimita 4 kwa kila mita. Kompresa ikiwa juu, bomba hupindwa mfano wa herufi U mahali linapoanza kupanda, ili mafuta yakusanyike hapo na kuchukuliwa na mvuke. Bomba pana kupita kiasi halifai, kwani mvuke hupungua mwendo. Katika bomba la kupanda hutakiwa mwendo wa mita 5 hivi kwa sekunde au zaidi. Bomba finyu nalo huilemea kompresa.

Maadui wa mabomba ni watatu: uchafu, hewa na maji. Shaba hukatwa kwa kikatio cha bomba, wala si kwa msumeno, maana msumeno huacha chenga ndani. Wakati wa kulehemu, naitrojeni hupitishwa polepole bombani. Pasipo hiyo, shaba ya moto hufanya magamba meusi ambayo baadaye huziba njia. Naitrojeni hiyo hiyo hutumika kupimia uvujaji. Oksijeni haitumiwi kamwe, kwani ikikutana na mafuta chini ya shinikizo huweza kulipuka. Hatimaye pampu hunyonya hewa mpaka ibaki mikroni 500, yaani nusu milimita ya zebaki, ilhali shinikizo la kawaida la hewa ufukoni ni milimita 760. Katika hali hiyo maji yaliyojificha huchemka bila ya moto na kutoka.

Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, bomba nene lisilovikwa sponji hutoa jasho na kulowesha ukuta.

Uvujaji nao haumdhuru mwenye nyumba peke yake. Gesi ya R-22 huharibu tabaka la ozoni, na kwa ajili ya gesi za namna hiyo Mkataba wa Montreal ulifanywa mwaka 1987. R-410A haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia, nayo ni miongoni mwa gesi zinazoguswa na marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016. Basi bomba na lipimwe kabla ya kufunikwa, kwa kuwa kosa lililokwisha kupigwa lipu halionekani tena, bali hulipiwa.