Gome la Mti Si Nguo Tu

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwembe mchanga. Kila siku tulimfunga mbuzi hapo, naye akalitafuna gome pande zote, upana wa kiganja. Majani yalibaki mabichi, kwa hiyo hatukuhangaika. Baada ya miezi mingi yakanyauka, na mti ukafa. Lakini ng'ambo ya njia umesimama mwembe mzee wenye pango tumboni, hata watoto hujificha humo. Nao huzaa kila mwaka. Mbona uliopoteza moyo unaishi, na uliopoteza ngozi umekufa?

Na tutazame kisiki kilichokatwa leo. Nje kabisa mna gome kavu, lililokwisha kufa, linaloukinga mti na jua na wadudu. Chini yake mna gome bichi: humo hupita vijifereji vyembamba mno, vinavyochukua sukari iliyotengenezwa na majani na kuipeleka mpaka mizizini. Kisha mna utando wenye utelezi, unaozaa gome upande wa nje na ubao upande wa ndani. Ndio unaounenepesha mti. Ndani yake mna ubao wenye vijibomba vinavyopandisha maji na chumvi za udongo. Katikati kabisa ni kiini, ambacho vijibomba vyake vimezibika, havipandishi maji tena.

Basi fumbo limefumbuka. Pango la mwembe mzee limekula kiini tu. Mwembe wetu uliendelea kupandisha maji, lakini mizizi yake ilikuwa ikifa njaa gizani, pasipo sisi kuiona. Marcello Malpighi, mganga Mwitalia wa karne ya 17, alivua pete ya gome mtini, akaona mti ukivimba juu ya jeraha: chakula kimekwama.

Jambo hili latuhusu sana. Katika milima ya Kivu hukatwa gome la mti uitwao Prunus africana, ambalo hutengenezwa dawa ya wazee wanaokojoa kwa shida. Tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi husimamiwa kwa mapatano ya mataifa. Avuaye gome pande zote hupata fedha mara moja. Wanawe watarithi kuni. Mwenye busara huchukua vipande vyembamba tu, akaacha gome zima katikati yake, ili chakula kipate njia.

Nasi mbuzi wetu sasa twamfunga kwenye kigingi.