Krona ya Nani? Tunavyolipa Bidhaa za Nje kwa Fedha Isiyozoeleka

Ndugu wanakamati wa sharika na marafiki mnaotuchangia, katika ziara zetu za mwaka huu swali moja limetufuata karibu kila tulipofika. Inakuwaje usharika uchange fedha yote ya pampu, ofisi yetu iitume, halafu muuzaji wa ng'ambo aseme amepokea pungufu? Wengine wameuliza kwa upole. Wengine wametuambia wazi kwamba fedha imeliwa njiani. Swali hili ni la haki, nasi tumeona tulijibu hapa kwa kirefu.

Tuanze na kilichotokea. Usharika mmoja ulikuwa umechanga kwa misimu miwili ya mavuno, marafiki wakaongezea, ili kununua pampu ya kisima kirefu kutoka kwa muuzaji wa Denmark. Profoma ilikuja imeandikwa 38,400 na mbele yake herufi mbili tu, "kr". Kwenye fomu ya benki sisi tulijaza neno "krona". Mhudumu akaingiza SEK, nasi tukaweka sahihi bila kuisoma vizuri. SEK ni krona ya Sweden. Ya Denmark ni DKK, na ya Norway ni NOK. Kwa kuwa krona ya Sweden ilikuwa na thamani ya kama theluthi mbili tu ya ile ya Denmark, muuzaji alipata takriban krona zake 25,000 akakataa kusafirisha mzigo, na hatuwezi kumlaumu. Kutuma kiasi kilichobaki kulichukua wiki saba, na wiki hizo zote akina mama waliendelea kuteka mtoni. Kosa lilikuwa la ofisi yetu. Mtunza hazina wa usharika hakuhusika, na hilo tumelisema mbele ya kamati yake.

Jambo hili lisingepaswa kutushangaza. Sisi wenyewe tuna shilingi, Kenya wana shilingi, Uganda wana shilingi, na hakuna mfanyabiashara wa Sirari au Mutukula anayezichanganya. Wenzetu walio karibu na Tunduma na Kasumulu wanajua kwamba kwacha ya Zambia si kwacha ya Malawi. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake Januari 2013, na alama yake ikabadilika kutoka ZMK kuwa ZMW. Kwa hiyo jina la fedha peke yake halitoshi kabisa. Herufi tatu ndizo zinazosema ni fedha ya nchi gani, na ndizo benki inazozifuata.

Lakini hata herufi zikiwa sahihi, fedha bado inaweza kufika pungufu. Hapa ndipo wengi wanapodhani kuna wizi.

Shilingi ya Tanzania na krona ya Denmark hazikutani sokoni. Hakuna watu wa kutosha wenye shilingi wanaotafuta krona, wala wenye krona wanaotafuta shilingi. Benki inabadili kwanza shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa krona. Dola ndiyo njia panda ya dunia nzima: katika hesabu ya masoko ya fedha iliyofanywa mwaka 2022, dola ilikuwa upande mmoja wa asilimia 88 ya biashara zote za kubadilisha fedha. Kila mahali fedha inapobadilishwa, benki inanunua kwa bei moja na kuuza kwa bei nyingine, na tofauti hiyo ndiyo faida yake. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Una shilingi 10,000,000. Ukipoteza asilimia 2 kwenye dola, unabaki na 9,800,000. Ukipoteza asilimia 2 nyingine kwenye krona, unabaki na 9,604,000. Shilingi 396,000 zimekwenda, wala hakuna stakabadhi iliyoandika neno "makato". Zimo ndani ya bei.

Makato yanayoonekana ni mengine. Kama benki yetu haina akaunti kwenye benki ya muuzaji, fedha hupitia benki moja au mbili za katikati, na kila moja inaweza kukata chake. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua nani alipe. OUR maana yake anayetuma analipa yote. SHA maana yake kila upande unalipa kwake. BEN maana yake anayepokea anakatwa. Ukilipia ankara kwa SHA, usishangae muuzaji akidai dola ishirini au thelathini zilizobaki. Sisi siku hizi tunaweka OUR kwa kila ankara, ingawa ada yake ni kubwa zaidi, kwa sababu mzigo uliozuiwa bandarini au ghalani unagharimu kuliko ada hiyo.

Kwa Denmark kuna nafuu moja ambayo tulichelewa kuifahamu. Krona ya Denmark imefungamanishwa na yuro kwa kiwango cha 7.46038, na hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 2.25 kutoka hapo. Muuzaji wa Denmark akikubali kuandika ankara kwa yuro, kwake hatari ni ndogo sana, na kwetu yuro ni rahisi kupata. Ombi hilo kwa kawaida halikataliwi likitolewa kabla ya profoma, si baada yake. Kwa Sweden na Norway hali ni tofauti. Krona zao zinapanda na kushuka zenyewe, na muuzaji anaweza kuongeza kidogo kwenye bei ili ajilinde.

Kwa marafiki mnaotuma kutoka nje: mara nyingi mnatuuliza kama ni vizuri zaidi kutuma shilingi moja kwa moja. Kwa maoni yetu, hapana. Benki ya kwenu haifanyi biashara ya shilingi kila siku, hivyo bei yake huwa mbaya. Tumeni dola au yuro kwenye akaunti yetu ya fedha hiyo hiyo, nasi tubadilishe hapa, mahali shilingi inapouzwa na kununuliwa kila siku. Benki Kuu hutangaza viwango kila siku. Huwezi kupata kiwango hicho hasa dirishani, lakini kinakusaidia kujua umepunjwa kiasi gani.

Kwa majirani si lazima kupitia dola. Tangu mwaka 2013 upo mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu, na kwa njia hiyo benki ya Tanzania inaweza kulipa Kenya au Uganda kwa fedha za nchi hizi zenyewe. Mwulize meneja wa tawi, maana si kila mhudumu anaufahamu. Na muuzaji aliye hapa hapa nchini akikupa bei kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zinakataza.

Kuanzia sasa hakuna fomu ya kutuma fedha nje itakayotoka ofisini kwetu bila sahihi mbili, na mmoja wa wanaosaini atakuwa ameshika ankara mkononi na kulinganisha herufi tatu za fedha, jina la mpokeaji na namba ya akaunti. Namba ya akaunti ya Denmark huanza na DK na ina tarakimu na herufi 18 kwa jumla. Nakala ya fomu itapelekwa kwa mtunza hazina wa usharika siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya ufuatiliaji kutoka benki, ili kamati iweze kuuliza fedha imefika wapi bila kusubiri ziara yetu.

Pampu ile ilifungwa kabla ya kiangazi. Tofauti ya gharama tuliilipa kutoka mfuko wa uendeshaji wa ofisi, na usharika haukudaiwa chochote.