Msiba wa Baba Uchaggani Hauishii Kaburini

Katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, kaburi la baba mwenye nyumba huwa hatua chache kutoka mlangoni, kati ya migomba na mibuni, na mara nyingi limejengewa saruji, vigae na msalaba. Akifia Dar es Salaam au Mwanza, mwili husafirishwa hadi mlimani, Kilimanjaro. Kamati ya mazishi hukusanya michango, hukodi mabasi, huagiza jeneza, hupanga nani atasoma wasifu wa marehemu na nani atatoa salamu za rambirambi kwa niaba ya marafiki, wafanyakazi wenzake na kwaya. Hiyo ni heshima ya kweli na haifai kubezwa. Hata hivyo, nashikilia kwamba upendo wetu kwa marehemu hupimwa zaidi siku ya kuanua matanga, siku ambayo marafiki wengi huwa wamekwisha kurudi mjini.

Tazama kinachofanyika siku hiyo. Ndugu hukaa kikao, na katika koo nyingine hunyolewa nywele kwanza. Mzee wa ukoo hutangaza kwamba anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, ajitokeze. Huulizwa kama kuna wosia, nani atasimamia mirathi, ada za shule zitalipwaje, mama atakaa na nani. Muhtasari wa kikao hicho ndio familia huupeleka Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi ateuliwe, kwa hiyo neno lililosahaulika pale laweza kumgharimu mjane miaka ya usumbufu. Kwa mila ya Kichagga, nyumba ya baba humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, ambaye ndiye hubaki na mama. Lakini baba wa leo huacha pia kiwanja mjini, akiba kwenye SACCOS, mkopo wa benki na mafao ya kazini, mambo ambayo mzee wa ukoo kijijini huenda hayajui hata kidogo. Anayeyajua ni rafiki: yule waliyedhaminiana mkopo, waliyenunua viwanja pamoja, aliyeambiwa siri ya ada ya binti. Kaburini rafiki huyu husifu ukarimu wa marehemu kwa dakika tano. Kikaoni, ushahidi wake ungeweza kuokoa kiwanja.

Wapo watakaosema kwamba kikao ni cha ukoo, na rafiki akikaa humo anajiingiza yasiyomhusu. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa mali na damu ni mambo ya faragha. Ila jamii ya mlimani haikujengwa na damu peke yake. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani aliyefanya kazi Uchaggani tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1938, aliandika kwa kirefu juu ya vifungo vitatu vilivyowashika watu hawa: ukoo, ujirani na rika. Aliona kwamba usharika wa Kikristo ungekua vizuri zaidi ukisimama juu ya vifungo hivyo kuliko ukivikata. Jirani na mtu wa rika, basi, walikuwa na nafasi yao tangu zamani. Rafiki haombwi kugawa mali. Anaombwa aseme anachokijua, kisha atoke, awaachie wenye nyumba waamue.

Pingamizi la pili hutoka kwa baadhi ya waumini wenyewe. Wanaona matanga, na hata desturi ya kuzika kihambani, kama mabaki ya kuabudu wahenga, kwa sababu wazee wa zamani walihamishia mifupa ya wafu mgombani na kuotesha mmea wa masale mahali pale. Kwao ibada ya mazishi inatosha. Ni kweli kwamba mchungaji au padri anakataa matambiko, na ana haki. Lakini kuuliza madeni si tambiko, wala kumpangia mjane riziki si kuomba mizimu. Waraka wa Yakobo unataja kuwatazama yatima na wajane kuwa sehemu ya dini iliyo safi, na sioni mahali ambapo agizo hilo hutekelezwa waziwazi zaidi kuliko katika kikao hiki, kikiendeshwa kwa haki. Kikiendeshwa kwa hila, kikawa mahali pa kumnyang'anya mama nyumba, hapo ndipo kanisa lina kila sababu ya kupaza sauti. Na jumuiya ya waumini, ambayo ilisali na familia kila jioni ya msiba, haina udhuru wa kunyamaza.

Tatizo lililobaki ni muda, na hili silipuuzi. Ruhusa ya kazini ni siku chache, nauli ni kubwa, na watu wakishazika huanza kupanga safari ya kurudi jioni ileile. Basi tupunguze kwingine: sare za msiba, video, vyakula vya kushindana, foleni ndefu ya mashada. Fedha hiyo ingewalipia marafiki wawili watatu walale siku za ziada mlimani hadi matanga yaanuliwe. Wewe uliyepoteza rafiki mcha Mungu, mume na baba wa watu, usiondoke na basi la kwanza. Mwombe mzee wa ukoo nafasi, useme mbele ya mjane na watoto yale uliyoyajua juu ya madeni, ahadi na mipango yake. Na Desemba, watu wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, pita hapo kihambani uulize kama yaliyoahidiwa kikaoni yametimizwa.