Ukuta-Kinga na Wakala wa Kuchuja Matangazo: Istilahi na Utatuzi wa Mgongano

1. Utangulizi

Mjini Uvira, kama katika miji mingine ya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, mwanafunzi hununua intaneti kwa kipimo cha mega. Kila tangazo linalojitokeza katika ukurasa hulipiwa na msomaji, wala si na mtangazaji peke yake. Ndiyo maana programu za kuchuja matangazo zina manufaa ya pekee huko. Hata hivyo, programu ya namna hiyo inapowekwa katika kompyuta yenye ulinzi, huenda kurasa zikakataa kufunguka, na mtumiaji aliyechoka huuzima ulinzi wote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgongano huo hutatuliwa bila kuzima chochote, na kwamba hatua ya kwanza ni kuyaelewa majina ya vitu vinavyohusika.

2. Istilahi tatu

Mwanafunzi wa Kongo hukutana kwanza na neno la Kifaransa pare-feu, yaani kitu kinachokinga moto. Tafsiri inayosikika mara nyingi, "ukuta wa moto", inapotosha. Katika ujenzi, ukuta huo hauwaki. Kazi yake ni kuzuia moto wa chumba kimoja usienee katika chumba kingine. Utata unaletwa na a-unganifu, kwani "ukuta wa mawe" ni ukuta uliojengwa kwa mawe. Kwa hiyo hapa litatumika neno "ukuta-kinga".

Istilahi ya pili ni "wakala": programu inayopokea ombi la kivinjari, ikalipeleka kwenye tovuti kwa niaba yake, kisha ikarudisha jibu bila matangazo. Privoxy ni mfano mmojawapo.

Istilahi ya tatu ni port. Wako wanaoitafsiri kuwa "bandari", na mkazi wa Uvira akisikia hivyo huiwazia Kalundu, penye meli na gati. Lakini hapa ni nambari tu inayotambulisha huduma ndani ya kompyuta, na neno "mlango" linafaa zaidi. Kwa kawaida Privoxy husikiliza katika mlango 8118. Tovuti za kawaida hutumia mlango 80, na zile zenye usimbaji fiche hutumia 443.

3. Chanzo cha mgongano

Tuchukue mfano wa mpaka wa Kavimvira. Mfanyabiashara akipita mwenyewe, afisa humwona na kumhoji. Akimtuma wakala, afisa humwona wakala tu. Ikiwa afisa hamjui wakala huyo, mzigo wote hukwama. Ikiwa anamwamini bila masharti, hata mzigo wa mtu asiyestahili utapita.

Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Ukuta-kinga unaotoa ruhusa kwa kila programu huenda umekwisha kukiruhusu kivinjari, lakini sasa anayebisha hodi nje ni wakala. Akizuiwa, hakuna ukurasa unaofunguka. Akiruhusiwa, hatari nyingine hujitokeza: programu yoyote iwezayo kuzungumza naye inaweza kutoka kwa jina lake.

4. Utatuzi

Kwanza, ni lazima kujua njia imekatika wapi. Kwa mtumiaji wa Privoxy, anwani http://p.p/ hujibiwa na wakala mwenyewe bila kutoka nje. Ukurasa huo ukionekana huku tovuti nyingine zikikataa, njia kati ya kivinjari na wakala ni nzima, na kizuizi kiko baada ya wakala. Usipoonekana, kosa liko kabla yake: ama kivinjari hakikuelekezwa kwenye 127.0.0.1 na mlango 8118, ama wakala hajaanza kazi, ama ukuta-kinga unazuia mazungumzo ya ndani.

Pili, wakala apewe ruhusa ya kutoka kwa milango 80 na 443, na kivinjari kiondolewe ruhusa ya kutoka moja kwa moja. Bila hatua hii ya mwisho, baadhi ya kurasa zitamkwepa wakala na matangazo yatarudi. Programu nyinginezo zizuiwe kumfikia wakala, ikiwa ukuta-kinga una uwezo wa kusimamia mazungumzo ya ndani.

Tatu, katika chumba cha kompyuta cha chuo, wakala mmoja anaweza kuhudumia mashine zote. Hapo sharti abadilishiwe anwani ya kusikilizia, na ukuta-kinga wa mashine yake ufungue mlango 8118 kwa anwani za ndani pekee. Ukifunguliwa kwa ulimwengu mzima, wageni watatumia mega za chuo, na makosa yao yataandikwa kwa jina la chuo.

Ifahamike pia kwamba katika kurasa zenye usimbaji fiche wakala wa kawaida huona jina la tovuti tu. Anaweza kuikataa tovuti nzima ya matangazo, lakini hawezi kuondoa tangazo lililomo ndani ya ukurasa. Hilo si kosa la ukuta-kinga, na kuuzima hakutasaidia.

5. Hitimisho

Ukuta-kinga huuliza nani anapita. Wakala huamua nini kipitishwe. Mgongano huzuka pale wa kwanza asipojua kwamba wa pili anasema kwa niaba ya mwingine. Mwanafunzi aliyefundishwa "ukuta wa moto" na "bandari" hupewa picha zisizomwongoza popote, na mashine inapokwama hubaki na njia moja tu, nayo ni kuzima. Aliyefundishwa kinga, wakala na mlango anajua pa kuuliza. Kwa hiyo uundaji wa istilahi si pambo la wanaisimu. Mjini Uvira unahusu usalama wa kazi ya mwanafunzi na fedha anazonunulia mega.